Mashine Isiyojua Kungoja

4 Machi

Mdogo wangu Gramu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa tanuri langu la mikate, ambalo limeanza kuunguza upande wa kushoto tu, na sasa wateja wanageuzageuza kila mkate kama wanaotafuta kasoro za mchumba. Shemeji yako goti bado linamsumbua. Anakusalimu na anasema lile koti uliloazima hajalisahau. Wifi yangu hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia imefika na inanitosha, ila mikono yake ni mirefu hadi nashindwa kukanda unga. Alikuwa ananipima mimi au alikuwa anapima mlango?

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi. Mwaka huu nimekupigia simu mara nne, na mara zote nne nilipofika kwenye neno "Baba" mtandao wako ulikatika. Mtandao wa ajabu huo. Habari za mvua unapitisha, habari za mpira unapitisha, Baba ndiye hapiti. Karatasi haina mtandao. Basi kaa chini uisome yote.

Baba anafunga karakana. Macho yamemwishia, na fundi mizani asiyeuona mshale ana kazi gani tena? Juzi alirekebisha mizani ya muuza karafuu, akaomba nimsomee mshale umekaa wapi. Miaka arobaini na moja hajawahi kumwomba mtu amsomee mshale. Mwisho wa Agosti anarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Fundi viatu wa jirani ndiye anayechukua chumba, na ameshakuja kupima kuta.

Kiapo chake unakijua. Miaka sita iliyopita ulitoka kwenye mlango ule na begi mgongoni, ukaenda kufanya kazi kwenye mizani za umeme, bila kuaga. Akasema, "Aliyetoka bila kuaga asinisalimie kwa simu. Aje anisalimie pale pale mlangoni alipopita." Tangu siku hiyo hataki hata nimfikishie salamu zako. Sasa mlango wenyewe unakwenda kuwa wa fundi viatu. Ukija Septemba utasalimia soli.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu: unakuja lini? Nataka tarehe. Sitaki "tutaona."

Kuna jambo dogo jingine. Wenye maduka wanamletea mizani za umeme awatengenezee kabla hajafunga, nazo zinakuja na vijitabu vyenye herufi kama mbegu za ufuta, kwa lugha ya watu. Yeye haoni. Mimi naona, sielewi. Hiyo ndiyo kazi yako, niandikie namna zinavyorekebishwa nimsomee, asijue imetoka kwako.

Dada yako


22 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na doa la mafuta, nikajua kweli imetoka mikononi mwako. Sisi wazima. Wifi yako amecheka hadi akakaa chini: sweta uliyopata ilikuwa yangu, alichanganya vifurushi, na mimi hapa nina sweta inayoishia kwenye viwiko. Kazini ni ghala lile lile, mizani ishirini na mbili na kila moja ina ugonjwa wake. Kuna baridi ya kufa mtu.

Kuhusu vijitabu, dada yangu, dawa imepatikana. Kuna programu ya akili mnemba, unaiweka kwenye simu, unaiuliza chochote na inakujibu. Unapiga picha ya ukurasa, inakusomea kwa Kiswahili. Mimi naandikia ripoti za bosi, na tangu nianze kuitumia ameacha kuniuliza kama nilimaliza shule. Ila uweke ile rasmi, ya kampuni yenyewe iliyoitengeneza, maana za kuigiza ni nyingi kama uyoga. Ina hata sauti. Baba ataongea nayo bila kuandika neno, itakuwa kama ana mtu amekaa naye pembeni.

Lile jingine tutaongea.

Gramu


9 Aprili

Gramu,

Salamu. Tanuri sasa linaunguza pande zote mbili, kwa hiyo angalau limekuwa na haki. Maumivu ya shemeji yako yamehamia goti la pili. Sweta nimeikata mikono, usiulizie tena.

Nilikuuliza unakuja lini, ukanijibu kwa mashine. Haya. Mashine nimeitafuta.

Nilifungua duka la programu nikaandika "akili mnemba." Zikatokea kumi na moja, zote zina duara linalong'aa, zote zimejiandika "rasmi," "halisi," "namba moja." Nikachagua ya kwanza. Nikaiwekea picha ya ukurasa wa tatu wa kijitabu. Kabla haijajibu ikanionyesha tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Nikangoja. Likaja la pili, tumbo lile lile. Tangazo la tano nikaifuta. Ya pili ilitaka iruhusiwe kuona picha zangu, namba za watu wangu wote, na mahali nilipo mchana na usiku. Shemeji yako nimeolewa naye miaka kumi na minne na hajawahi kuomba vyote hivyo kwa mpigo. Ya tatu nilidhani nimefika, kumbe ni ya kupiga ramli. Ikaniuliza nimezaliwa mwezi gani, kisha ikaniambia mwezi huu nijihadhari na moto. Mimi, mwoka mikate! Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba mchana ule ule nikaungua mkono.

Ya nne nadhani ndiyo yenyewe, kwa sababu ilikuwa na tabia za ofisini. Ikataka barua pepe. Ikataka tarehe ya kuzaliwa. Ikasema imetuma namba kwenye ile barua pepe, niende nikazisome nirudi. Neno la siri la barua pepe niliwahi kuliandika kwenye kalenda ya mwaka juzi, na kalenda ya mwaka juzi nilifungia mikate karatasi zilipoisha. Neno langu la siri liko kwa mteja, sijui yupi.

Baba alinikuta nimeshika tama. Akaniuliza, "Unagombana na nani?" Nikamwambia na simu. Akasema, "Mizani mbovu haigombezwi. Inafunguliwa ikaangaliwa." Laiti angeyasema hayo miaka sita iliyopita, tena si kuhusu mizani.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Gramu. "Lile jingine" lina jina. Linaitwa Baba, lina miaka sabini na moja, na lina mpaka Agosti.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Nimechelewa kujibu. Tulikuwa na ukaguzi wa mizani zote ghalani, na mkaguzi mwenyewe hajui tofauti ya kilo na kelele. Wifi yako anakusalimu. Amehamishiwa zamu ya asubuhi, siku hizi tunapishana mlangoni kama walinzi.

Kwenye kifurushi hiki kuna simu yangu ya zamani. Kioo kina ufa, usiogope, hauendelei. Programu rasmi imo tayari. Nimeiingiza kwa akaunti yangu, hii hii ninayotumia kazini, ili usihangaike na barua pepe wala maneno ya siri. Ikikuuliza kama unataka kutoka, kataa. Ikikuuliza kitu usichokielewa, kataa pia. Mwonyeshe Baba kile kitufe chenye alama ya maikrofoni, aongee, basi. Mwambie umenunua wewe.

Kuhusu Agosti, nimesoma. Nimesoma zaidi ya mara moja. Bosi hajatoa ratiba ya likizo.

Gramu


25 Mei

Gramu,

Salamu. Hatujambo sote. Shemeji yako amepewa fimbo, anaifurahia kuliko alivyowahi kufurahia miguu yake mwenyewe. Simu imefika. Nilimwambia Baba nimeinunua, akaigeuza mara moja na kuniuliza, "Umekwenda dukani ukachagua yenye ufa?" Kisha akaiweka mezani.

Sasa nikupe habari za huyo mgeni uliyetuletea. Marehemu Mama alikuwa akisema ukitaka kumsema mtu uanze na zuri lake, kwa hiyo naanza na zuri. Kijitabu kimesomeka. Nilipiga picha, ikasoma ukurasa mzima kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Baba akafuata hatua moja moja kwa vidole, na mizani ya muuza nyama ikapona siku hiyo hiyo. Kweli ilituambia tubonyeze kitufe cha kijani, na mizani ile haina kitufe cha kijani. Tulipoiambia ikaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, ikasema ilimaanisha cha bluu. Cha bluu nacho hakipo. Baba akabonyeza kilichopo. Lakini nasema tena, kijitabu kimesomeka.

Zuri limekwisha hapo.

Haijui kungoja. Unajua Baba anavyoongea. Analitoa neno moja, analiweka mezani, analitazama, ndipo anakwenda kulileta la pili. Akasema, "Nilikuwa nataka..." Mashine ikadakia, "Bila shaka! Ungependa kujua nini?" Akasema, "Kujua kuhusu..." Ikadakia, "Samahani, sijakusikia vizuri, unaweza kurudia?" Akaanza upya, ikamkata tena, kwa furaha. Akaiweka simu chini kifudifudi. "Huyu," akaniuliza, "amelelewa na nani?"

Halafu kila kitu kwake ni "swali zuri sana." Nilipochoka nikaiuliza makusudi kama maji yanalowesha. Swali zuri sana, ikasema, kisha ikaniorodheshea sababu sita.

Lakini kilichotutoa jasho hasa ni salamu. Baba hawezi kuanza jambo bila salamu, wewe unajua, hata mkaguzi wa serikali alikuwa akisalimiwa mpaka anasahau alikuja kukagua nini. Basi anaifungua asubuhi. "Habari za asubuhi?" Inajibu. "Umeamkaje?" Inajibu kwamba yenyewe hailali, lakini asante kwa kuuliza. "Na wa nyumbani?" Inajibu kwamba haina nyumba. "Oh, pole." Asante. "Kazi zinakwendaje?" Zinakwenda vizuri, naweza kukusaidia nini? "Taratibu, tutafika." Na kweli, anapofika kwenye mizani, yanatokea maandishi: umefikia kikomo cha ujumbe wako, rudi baada ya saa tano. Baba akanigeukia na uso uliojaa dharau. "Imechoka? Kwa salamu tu?"

Nilimwambia afupishe. Akasema mtu anayekimbia salamu ana jambo analolikimbia. Aliyasema akiangalia mizani, lakini mimi nilijua yanakwenda wapi.

Kuna jambo moja sijui nikuambieje, basi nalisema lilivyo. Kila ikifunguliwa inaandika juu, kwa herufi kubwa ambazo hata yeye anaziona, "Habari za asubuhi, Gramu." Siku ya kwanza aliisogeza simu mpaka puani. Akaniuliza imeandika nini. Nikajua nimeumbuka. Nikamwambia ni jina la mwenye akaunti. Nilingoja airushe ukutani, naapa nilishasogea pembeni. Hakuirusha. Alichukua kile kitambaa chake cha kufutia mawe ya mizani, kile ambacho wewe ulichapwa kwa kukifutia pua, akafuta kioo, akairudisha mezani. Tangu siku ile salamu zimeongezeka maradufu.

Na juzi, ilipomkatiza mara ya sijui ngapi, akasema, "Yule angalau alijua kungoja." Nikamwuliza yule nani. Akaniambia niende mikate inaungua. Mikate haikuwa hata imeingia tanurini.

Alimaanisha nini, Gramu? Siku ile mimi nilikuwa sokoni kununua hamira. Niliporudi wewe hukuwepo, na yeye alikuwa ameinamia ile mizani yake ya shaba ya zamani, wala hakuinua kichwa hadi jioni. Hakuna kati yenu aliyewahi kuniambia kilichotokea.

Imebaki Juni, Julai na Agosti.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama, kwa sababu mimi siko salama. Wifi yako hajambo, anasema nipunguze kusaga meno.

Mnafanya nini na ile simu? Kila siku naingia kazini, nafungua programu niandike ripoti, naambiwa nimefikia kikomo. Nimefikia wapi na ndiyo kwanza nimevua koti? Nimemaliza wiki mbili nikidhani imeharibika. Nimeifuta, nimeiweka upya, nimezima simu, nimewasha. Kumbe kikomo ni kimoja kwa akaunti nzima, na Baba anakimaliza asubuhi kwa kuiuliza imeamkaje!

Si hilo tu. Ina kumbukumbu. Juzi imeniruhusu mara moja, nikaiomba iniandikie ripoti ya mizani namba tisa. Ikaandika: "Kwa kuwa wewe ni mzee wa miaka sabini na moja mwenye macho hafifu, nashauri usinyanyue vitu vizito." Sikuisoma hadi mwisho, nikaituma. Bosi ameniita ofisini kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, akanipa kiti.

Tafadhali mwambie Baba mashine haihitaji salamu. Haina moyo. Ukiipita bila kuisalimu haitakaa ikahesabu miaka. Orodha yangu ya mazungumzo imejaa "Salamu za Asubuhi," "Salamu za Asubuhi," mpaka ripoti zangu sizioni. Sijazifungua, sina muda huo.

Kuhusu kungoja, sijui alimaanisha nini. Mzee akikatizwa husema mengi.

Likizo bado haijatoka.

Gramu


1 Julai

Gramu,

Salamu. Tanuri limepona. Goti limepona. Mimi ndiye sijapona, kwa sababu ya barua yako.

Umejaza ukurasa mzima kulalamikia kikomo, na juu ya Baba umeandika mstari mmoja. Nimeusoma ule mstari mbele ya tanuri na nilitamani kuuingiza humo.

Hata hivyo ujumbe nilimfikishia, kama punda wenu wa siku zote. Nilimwambia, "Baba, mashine haihitaji salamu." Akacheka, Gramu. Alicheka kile kicheko chake cha mabega, ambacho sijakiona tangu Mama alipofariki. Akaniambia, "Nani kakwambia naisalimia mashine?" Kisha akaniomba nimsogezee taa.

Nimelitembeza neno hilo kichwani wiki nzima. Simu ile iko mezani kila siku, ningeweza kufungua na kusoma. Sikufungua. Hayo mambo si yangu. Kwa miaka sita nimekuwa posta yenu: huyu anasema hivi, yule usimwambie vile, mwambie umenunua wewe. Nimechoka. Naipenda kazi ya mikate kwa sababu mkate hautumi ujumbe. Posta nimeifunga leo.

Akaunti ni yako. Orodha ni yako. Unasema huna muda wa kuifungua, lakini muda wa kuifuta programu na kuiweka upya ulikuwa nao. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nakuambia hivyo hivyo: tazama.

Fundi viatu ameleta rafu zake. Baba amefunga vyombo vyote kwenye masanduku, isipokuwa ile mizani ya shaba. Iko peke yake mezani, inatazama mlango. Anasema hiyo itaondoka mwisho.

Dada yako


19 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Nashukuru kwa goti na kwa tanuri. Mengine ya nyumbani nisamehe, leo nitayaruka, maana nikianza nayo nitamalizia nayo, ndivyo nilivyozoea kukufanyia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimefungua orodha Jumatano. Wifi yako alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nje na koti la kazini, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, Baba ananisalimia.

Nikunakilie machache, kwa sababu wewe hukusoma na ulikuwa na haki ya kusoma.

Tarehe 26 Mei. Baba: "Habari za asubuhi, Gramu. Huko kuna baridi?" Mashine: "Mimi sina uwezo wa kuhisi baridi." Baba: "Vaa sweta."

Tarehe 30 Mei. Baba: "Umekula?" Mashine: "Kama akili mnemba, mimi sili chakula." Baba: "Usiniletee hayo. Kula."

Tarehe 11 Juni. Baba: "Mkeo hajambo?" Mashine: "Sina mke, lakini naweza kukusaidia kuandika kadi ya salamu." Baba: "Msalimie."

Ziko hivyo asubuhi arobaini na tatu. Siku nyingine hana la kuuliza, anasema tu, "Gramu," mashine inajieleza weee, naye anaifunga. Alijua, Dada. Alijua tangu siku ile alipofuta kioo. Aliapa hatapokea salamu zangu kwa simu. Hakuapa kwamba yeye hatatuma.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza, la kungoja.

Siku ile sikutoka bila kuaga. Nilikuja. Nilisimama mlangoni na begi, na Baba alikuwa ameinamia mizani ya shaba, anaisawazisha. Sheria ya karakana unaijua, tumekua nayo wote wawili: mshale ukiwa unacheza hakuna kusema, hakuna kupita, pumzi yako mwenyewe uishike, hadi utulie. Nikangoja. Gari langu lilikuwa linaondoka saa tatu. Nilihesabu mikokoteni tisa ikipita barabarani nyuma yangu, na mshale bado unacheza. Sijawahi kuona mizani ikachelewa kutulia namna ile. Saa tatu kasoro dakika tano nikageuka nikaondoka. Nikajiambia hakunitaka. Halafu nikasikia kwako kwamba anasema sikuaga, na mimi nikakasirika, na hasira ikawa ndefu kuliko nilivyoipanga. Kila mara uliponiambia nije, nilikuwa naona mgongo ule ulioinama.

Na hii ni ya tarehe 2 Julai, siku moja baada ya kuniandikia. Nimeinakili yote.

Baba: "Gramu."

Mashine: "Habari za asubuhi! Naweza kukusaidia nini leo?"

Baba: "Nyamaza kwanza."

Mashine: "Sawa kabisa. Nipo hapa ukinihitaji."

Baba: "Ndiyo kunyamaza huko? Siku ile nilikuona. Nilikuona kwenye mng'ao wa sahani ya shaba, na begi lako. Ulisimama ukangoja kama nilivyokufundisha. Mizani ilitulia mapema. Mimi ndiye niliyekuwa naigusa."

Mashine: "Asante kwa kunieleza! Kuyumba kwa mizani ni tatizo la kawaida katika upimaji. Hizi hapa njia tano za kuhakikisha mizani yako inatulia."

Nilizisoma zote tano, Dada. Weka mizani mahali tambarare. Epuka upepo. Nilizisoma mara mbili kwa sababu sikutaka macho yangu yarudi juu kwenye maneno ya Baba. Kisha yalirudi.

Nikafanya jambo la kijinga. Nilikuwa na simu mkononi na mazungumzo yake yamefunguka, nikaandika hapo chini yake, "Shikamoo Baba." Na kabla sijaondoa kidole mashine ikajibu, "Marahaba! Hujambo?" Nusura niitupe barabarani. Miaka sita naitafuta marahaba ile, imekuja kuchukuliwa na kitu kisicholala wala kula! Nimeyafuta yote mawili, shikamoo yangu na marahaba yake, ili asije akayakuta.

Nimeomba likizo. Ombi nimeliandika mwenyewe kwa mkono, mistari miwili, na bosi amekubali, nadhani bado ananihurumia kwa uzee wangu. Nitafika tarehe 8 Agosti, asubuhi, na wifi yako.

Najua posta umeifunga. Nakuomba uifungue mara moja tu, baada ya hapo kila mtu atajisemea. Mwambie Baba nakuja. Mwambie ile mizani ya shaba asiifunge, aiweke hapo hapo mezani na aanze kazi kama siku zote, nami nitasimama mlangoni nishike pumzi hadi mshale utulie.

Ila safari hii asiiguse.

Gramu